"Nani Yumo?": Viambishi Vitatu na Haki ya Mwanafunzi Mtandaoni

Katika masomo ya mwanzo ya sarufi, kila mwanafunzi wa Kiswahili huelezwa tofauti iliyopo baina ya yupo, yuko na yumo. Huambiwa kwamba po ni ya mahali mahsusi, ko ni ya mahali pasipo dhahiri na mo ni ya ndani. Hufanya zoezi, husahihishwa, hupewa alama zake, kisha jambo hilo husahaulika hadi msimu wa mtihani. Ni wachache wanaodhani kwamba kiambishi kinachoitangulia hiyo mo kinaweza siku moja kuamua iwapo mwanafunzi ataendelea na masomo au atafungasha virago na kurudi kwao. Makala haya yanadai kuwa siku hiyo imekwisha kufika, na kwamba wanaopaswa kulisemea jambo hili kwanza ni wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, kwa sababu chombo cha kulitatua kimo mikononi mwao.

Na ichukuliwe hali ifuatayo kwa mfano tu. Mwanafunzi wa kike ameingia katika saiba moja mjini Kisumu, jioni, ili asajili kozi zake katika tovuti ya chuo. Utingo anaita abiria wa matatu ya mwisho ya kuelekea Kombewa. Binti anainuka upesi, analipa na kutoka mbio, asikumbuke kuiondoa akaunti yake. Mtu mwingine anakalia kiti kile kile, anaikuta akaunti iko wazi, na kwa kutumia jina la binti anamwandikia mhadhiri ujumbe wa matusi. Juma la pili yake, kamati ya nidhamu inaletewa karatasi yenye mstari mmoja: mtumiaji fulani alikuwamo saa mbili na dakika kumi usiku. Kamati inasoma, inatikisa vichwa. "Alikuwamo," wanasema. Ilhali saa mbili na dakika kumi usiku binti alikuwa amekwisha kupita Kisian, amebanwa baina ya gunia la mahindi na dirisha lisilofungika.

Je, ile karatasi ilidanganya? La. Kilichodanganya ni kiambishi a- kilichotiwa mwanzoni mwa kitenzi. Mtambo ulichojua ni kwamba akaunti ilikuwamo. Aliyeandika ripoti ndiye aliyeigeuza akaunti kuwa mtu.

Orodha ya Waliomo Hutoka Wapi?

Ili hoja hii ieleweke, ni vyema kueleza kwa ufupi jinsi tarakilishi inavyojibu swali la nani yumo. Katika mifumo ya jamii ya Unix, ambayo ndiyo inayoendesha seva nyingi za vyuo vikuu, ipo amri iitwayo who, yaani "nani". Msimamizi wa mtandao akiiandika, huletewa orodha fupi yenye jina la akaunti, kituo kilichotumiwa, saa ya kuingia na, aghalabu, anwani ya mahali akaunti ilikoingilia. Amri hiyo haichungulii chumbani wala haitazami sura ya mtu. Husoma faili ambamo kila kuingia huandikwa na kila kutoka huandikwa. Kwa hivyo, kinachosemwa na orodha kwa hakika ni hiki: akaunti hii iliingia, na haijaandikwa kuwa imetoka. Mwanasarufi atatambua papo hapo kwamba kauli hiyo ni ya -li- na -ja-, wala si kauli ya hali ya sasa iliyoshuhudiwa kwa macho.

Pengo baina ya kauli hizo mbili si dogo. Muunganisho ukikatika ghafla, mathalani stima inapopotea upande wa mtumiaji, jambo ambalo si geni kwa wakazi wa Kisumu na viunga vyake, seva huweza kukaa kwa muda ikiamini kwamba mgeni wake bado yumo. Tovuti nazo zina udhaifu wake. Kati ya tovuti na msomaji wake mara nyingi hamna uzi unaoshikiliwa wakati wote. Hivyo, nyingi hukisia tu. Akaunti ikiwa imetuma ombi lolote katika dakika chache zilizopita, tovuti huihesabu miongoni mwa zilizomo, hata kama mwenyewe amekwisha kuondoka kwenda kunywa chai.

Waliobuni vyombo hivi walilijua hilo tangu awali. Mnamo 1971, Les Earnest wa maabara ya akili-unde ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitunga programu aliyoiita finger, yaani "kidole", kwa kuwa alikuwa akiwaona wenzake wakipitisha vidole juu ya orodha ya majina ili wajue nani yumo. Nia yake ilikuwa njema. Mitambo ya wakati huo ilitumiwa na watu wengi kwa pamoja, na mtu alitaka kujua kama mwenzake yupo kazini ili amtafute. Programu hiyo ilionyesha pia muda ambao akaunti ilikuwa imekaa bila kuguswa, kwani ilifahamika kuwa kuwamo kwa akaunti si sawa na kuwapo kwa mwenyewe. Mnamo Novemba 1988, programu haribifu iliyotungwa na Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, ilienea katika maelfu ya tarakilishi, na mojawapo ya milango iliyopitia ulikuwa kasoro katika huduma hiyo hiyo ya kidole. Baadaye taasisi nyingi ziliizima. Somo lililobaki ni kwamba orodha ya waliomo ni mali yenye faida na yenye hatari, wala haifai kuachwa wazi kwa kila mpita njia.

Katika mtandao usiotumia nyaya, mambo huzidi kuwa magumu. Kinachoandikwa na mtambo wa kurushia mawimbi si mtu, wala si lazima kiwe akaunti. Ni kifaa. Rununu au tarakilishi hupewa anwani kwa kuazimwa, na anwani hiyo hubaki katika orodha hadi muda wa kuazimwa umalizike, hata kama aliyeibeba simu amekwisha kutoka langoni. Fauka ya hayo, simu zinazotumia Android 10 ya 2019, au iOS 14 ya 2020, na matoleo yaliyofuata, huweza kuuficha utambulisho wa kudumu wa kifaa kwa kujipa utambulisho wa kubahatisha. Vyuo vilivyojiunga na huduma ya eduroam, ambayo humu nchini husimamiwa na KENET, vinaijua hali nyingine tena: mgeni kutoka chuo kingine huthibitishwa na chuo chake mwenyewe, na mwenyeji huweza kuona jina la chuo alikotoka tu, jina la mgeni likabaki nyumbani.

I-, Ki- na Yu-

Hapa ndipo Kiswahili kinapofaa kuliko lugha ambamo vyombo hivi viliundwa. Kiingereza huweza kulitaja jina la akaunti na kusema ya kwamba limo, pasipo kumlazimisha msemaji abainishe anachokitaja. Kiswahili hakimruhusu msemaji kukwepa. Hawezi kutamka mo pekee; sharti aitangulize kwa kiambishi cha ngeli. Akisema akaunti imo, ametoa dai moja. Akisema kifaa kimo, ametoa la pili. Akisema mtu yumo, ametoa la tatu, na hilo la tatu ndilo zito kuliko yote. Seva inaweza kushuhudia la kwanza. Mtambo wa mawimbi unaweza kushuhudia la pili. La tatu halishuhudiwi na mtambo peke yake. Huhitaji jicho, sahihi katika daftari la maktaba, au kauli ya mtu aliyekuwa ameketi kando.

Wavuvi wa mwambao wa Ziwa Viktoria hawahitaji kufunzwa tofauti hii. Katika usiku wa giza, mtu akisimama ufuoni Dunga, huona taa za wavuvi wa omena zikimetameta majini. Anaweza kuzihesabu. Anaweza kusema, bila kukosea, kwamba mashua kadhaa zimo ziwani. Lakini hawezi kuzitazama taa akataja majina ya walio chini yake. Hata ikibainika kwamba mashua fulani imo, haifuati kwamba mwenye mashua yumo. Wamiliki wengi wa mashua hawavui. Huajiri wavuvi na kugawana mapato nao. Usiku ule mashua ikiwa majini, huenda mwenyewe amelala usingizi wa pono, akisubiri kupambazuke aende kuuza bidhaa zake katika soko la Kibuye. Ndiyo sababu vikundi vya usimamizi wa fuo, vilivyopewa nguvu na kanuni za 2007, huwa na kazi ya kuweka kumbukumbu za wavuvi na kumbukumbu za vyombo. Dhoruba ikipiga na mashua ikapinduka, hakuna mzee wa ufuo anayekwenda kumpa pole mke wa mwenye mashua kwa kuwa tu jina la mumewe limeandikwa ubavuni mwa chombo. Huuliza kwanza: nani alikuwa ndani?

Jambo ambalo mzee wa ufuo hulitenda bila kusukumwa ndilo ambalo kamati za nidhamu, maafisa wa usalama na hata wachumba wenye wivu hushindwa kulitenda mbele ya kioo cha tarakilishi. Huiona taa, wakamtaja mtu.

Ni kweli kwamba mazoea ya kila siku yamechangia. Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mama hutumiwa na mwanawe, licha ya kanuni za usajili wa laini. Akaunti ya WhatsApp imeweza kufunguliwa katika tarakilishi tangu 2015, hivyo huweza kubaki wazi juu ya meza ya ofisi huku mwenyewe yuko sokoni. Mume akiona kwamba mkewe alionekana mtandaoni saa saba za usiku, ugomvi huanza kabla jua halijachomoza. Mnamo 2022 WhatsApp yenyewe ilitangaza kwamba watumiaji wataweza kuwachagua watakaoona kama wamo au hawamo. Hatua hiyo ilikuwa kukiri kwamba habari ya nani yumo si habari ndogo.

Kuhusu "Iko"

Wapo watakaosema kwamba hoja hii haina nguvu katika eneo la Nyanza, ambako wazungumzaji wengi hawatofautishi viambishi hivyo. Mjini Kisumu, kama katika miji mingi ya bara, ni kawaida kusikia "mwalimu iko ndani" au "nani iko mtandaoni?" Mhadhiri husahihisha kwa wino mwekundu na kuendelea na kazi zake. Usahihishaji huo ni wa haki, lakini haujakamilika, kwani hauelezi hasara ni ipi.

Hasara ni hii: iko humeza yu-, ki- na i- zote kwa pamoja. Anayeitumia kwa mwalimu, kwa simu na kwa akaunti amepoteza njia ya kutofautisha mwalimu, simu na akaunti pale ambapo kutofautisha kunahitajika. Kuna kinaya hapa vilevile. Yule anayesema "Otieno iko mtandaoni" amevunja kanuni ya upatanisho wa kisarufi, lakini kwa bahati njema huenda ameusema ukweli wa mtambo barabara: kilichomo ni kitu cha ngeli ya I-ZI kiitwacho Otieno. Msomi anayemsahihisha na kuandika "Otieno yumo mtandaoni" ameiponya sarufi na kuujeruhi ukweli. Kwa hivyo, kazi ya mwalimu si kuondoa iko na kupachika yumo popote inapotokea. Ni kumuuliza mwanafunzi: unamtaja nani, au unakitaja nini? Sarufi inayofunzwa bila swali hilo ni sarufi ya mtihani tu.

Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba huku ni kupasua nywele. Mafundi wa mitandao, husemwa, wanajua fika kuwa akaunti si mtu. Ni kweli wanajua. Lakini ripoti ya fundi haisomwi na mafundi. Husomwa na mkuu wa idara, mlezi wa wanafunzi, mzazi, afisa wa polisi na hakimu. Kila mmoja wao huipokea kauli kama ilivyoandikwa, na mkononi mwake kauli hiyo huwa na makali. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inaweka, kwa kosa la kuingia katika mfumo bila idhini, faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mtu hawezi kuhukumiwa miaka mitatu kwa kosa la kiambishi kilichoandikwa na mwingine. Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 106B, inataka kumbukumbu za kielektroniki zinazoletwa mahakamani ziambatane na cheti kinachoeleza jinsi zilivyotolewa. Ikiwa mahakama ina tahadhari kiasi hicho, kamati ya nidhamu ya chuo haina sababu ya kuwa na pupa, hasa kwa kuwa Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu katika hatua za kiutawala.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Inahofiwa kwamba mtu akiruhusiwa kusema "ni akaunti yangu, si mimi", kila mkosaji atajificha nyuma ya utetezi huo, na waliotukanwa au kuibiwa hawatapata haki. Hofu hii haipaswi kupuuzwa. Mwanafunzi anayewagawia wenzake nywila yake kama njugu hawezi kunawa mikono baadaye. Lakini kauli ya akaunti imo haimwachilii mkosaji. Humwonyesha mchunguzi pa kuanzia. Ikisemwa kwamba akaunti ilikuwamo, swali linalofuata hujileta lenyewe: iliingilia wapi, katika kifaa kipi, na nani alikuwa mbele ya kifaa hicho? Ikisemwa kwamba mtu alikuwamo, swali limefungwa kabla halijaulizwa. Katika ule mfano wa binti wa Kombewa, kauli ya pili ndiyo ingemnusuru mtukanaji halisi, kwa maana hakuna ambaye angekwenda saibani kuuliza ni nani aliyekalia kiti baada yake.

Yapasayo Kutendwa

Kwanza, idara za Kiswahili katika vyuo vya ukanda huu zifanye kazi na ofisi za teknolojia za vyuo vyao. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na kwa hiyo kanuni za matumizi ya mtandao zinastahili kuandikwa kwa Kiswahili pia. Si lazima kazi ianze sifuri. Tangu 2004, mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu za ofisi kwa Kiswahili chini ya jina la Jambo OpenOffice, istilahi za tarakilishi zimekuwapo na zimekuwa zikijadiliwa. Lakini mjadala umeelemea nomino mno: tarakilishi au kompyuta, nywila au nenosiri, wavuti au tovuti. Umefika wakati wa kujadili viambishi. Kichwa cha orodha kisiwe "Watumiaji Waliomo", bali kiwe "Akaunti Zilizomo". Kule kwenye mitambo ya mawimbi kiwe "Vifaa Vilivyomo". Mabadiliko haya hayagharimu hata shilingi moja.

Pili, ripoti yoyote inayopelekwa mbele ya kamati itenganishe madai matatu katika aya tatu: kilichojulikana kuhusu akaunti, kilichojulikana kuhusu kifaa, na kilichojulikana kuhusu mtu. Aya ya tatu ikiwa tupu, iachwe tupu, na kamati iuone utupu huo kwa macho yake.

Tatu, iamuliwe ni nani mwenye ruhusa ya kuuliza "nani yumo?" na kwa sababu gani. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mtu, nayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka habari za mtu zikusanywe kwa lengo bayana na zisitumiwe kinyume cha lengo hilo. Fundi anayetazama orodha ili ajue kwa nini mtandao umekuwa mzito ana lengo. Anayeitazama ili ajue rafiki yake wa kike yuko bwenini au maktabani hana.

Mwisho, wanafunzi wenyewe wajifunze adabu ya kutoka. Mswahili hupiga hodi anapoingia, na haondoki bila kuaga. Mtandaoni, nywila imechukua nafasi ya hodi, na kila mtu huikumbuka kwa sababu mlango haufunguki bila hiyo. Kuaga ndiko kunakosahaulika, kwa kuwa hakuna mlango unaomzuia asiyeaga. Yule anayeinuka bila kuiondoa akaunti yake ameondoka, lakini jina lake limebaki limeketi kitini.

Sarufi ya Kiswahili imerithiwa kutoka kwa wahenga ambao hawakuiona tarakilishi. Hata hivyo, walimwachia msemaji sharti kwamba kabla ya kusema kilichomo, aseme kwanza ni mtu au ni kitu. Kwa binti aliyekwisha kupita Kisian, sharti hilo ndilo utetezi wake wa kwanza, na huenda likawa ndilo pekee alilo nalo.